Jina Huanziwa Ubaoni

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hayo ni maneno ya wazee wetu, nami kwa miaka mingi nilidhani yametosha, hayana la kuongezwa. Lakini mwaka jana, mwezi wa Rajabu, alinijia mpwa wangu, binti wa dada yangu, nikaona kwamba methali hiyo yataka kufasiriwa upya kwa vijana wa leo.

Binti huyu ana mkono mwepesi wa kupaka hina na piko. Alipoingia alinishika mkono, akaketi mkekani, akanifungulia simu yake. "Mjomba, nimeshajitangaza," akaniambia. Nikatazama. Ameshajipa jina la kazi, jina la fahari hasa. Ana bango lililopigwa rangi ya dhahabu, ana kadi mia tano, na ana picha zake mwenyewe amevaa baibui ya thamani. Nikamwuliza lengo lake ni nini. Akajibu bila kusita: "Nataka Afrika Mashariki nzima inijue."

Nikamwuliza tena: "Na mtaani, wakujua wangapi?"

Hapo akainama. Miezi miwili ilikuwa imepita tangu bango kutundikwa, na hakuna hata bibi arusi mmoja aliyebisha hodi. Bango, kadi na baibui vilitokana na bangili mbili za mamake, zilizowekwa rehani kwa sonara. Dada yangu hakuwa ameniambia neno. Ndipo nikafahamu kwa nini siku za karibuni alikuwa akifunika mikono kwa leso kila nijapo.

Msomaji mpenzi, usimcheke binti huyu, maana mimi mwenyewe nilipita njia hiyo. Nilipokuwa na umri wa miaka ishirini, nikiwa nimetunga mashairi manne tu, nilijipachika lakabu ya Simba wa Diwani, nikaipeleka gazetini pamoja na shairi langu la tano. Haukupita muda, mshairi mmoja mtu mzima akanijibu kwa beti saba. Hakunitukana. Aliuliza tu, kwa adabu na kwa vina vilivyonyooka, hiyo diwani yenyewe iko wapi, tuisome. Nilikaa miaka miwili nisishike kalamu kwa haya. Kosa langu halikuwa kutaka jina. Nililitaka lije kabla ya kazi.

Basi nikamkumbusha mpwa wangu habari za chuoni. Sisi ni miongoni mwa watu wa mwisho mwisho waliosomeshwa kwa ubao. Mwalimu alikuandikia kwa wino wa masizi, ukaenda kando ukasoma mpaka ukahifadhi. Ulipomsomea bila kukosea, ubao ukaoshwa, ukaandikiwa somo jipya. Ukikosea, hauoshwi. Wala hatukuanzia kwenye sura ndefu. Tulianza na alifu kwa kijiti, kisha sura fupi fupi za mwisho wa Juzuu Amma, ambayo jumla yake ni sura 37, tukipanda polepole kuelekea zile ndefu. Hakuna mwalimu aliyemwambia mtoto wa miaka sita, "Lengo lako ni kuhitimu msahafu mzima." Alimwambia, "Kesho nisomee huu ubao." Na khitima ilifika, na biriani ikaliwa, kwa hesabu ya mbao zilizooshwa.

Hilo ndilo lengo la karibu. Sifa zake ni tatu. Lina siku yake ya mwisho. Laonekana kwa macho, kwamba limetimia au halikutimia. Na la tatu, ambalo wengi hulisahau, li mkononi mwako mwenyewe. "Nisifiwe na watu" si lengo, kwa sababu ulimi wa mtu si mali yako. "Nipake mikono mitano mwezi huu" ni lengo.

Tukaketi, tukaandika mbao tatu. Ubao wa kwanza: kabla Rajabu haijesha, awapake majirani watano bure, kila mmoja nakshi yake, awapige picha mikono, kisha awarudie kuuliza rangi ilidumu siku ngapi. Ubao wa pili: mwezi wa Shaabani, ambapo watu hukimbilia kuoza kabla ya Ramadhani, apate maarusi watatu kwa nusu ya bei, na afike kila nyumba kwa saa aliyoahidi. Ubao wa tatu: Mfunguo Mosi, harusi zirudipo, atoze bei kamili, na amwombe kila aliyeridhika amtajie mtu mmoja mwingine.

"Na Afrika Mashariki, mjomba?" akaniuliza, sauti ikiwa na kinyongo kidogo.

Swali lake lilikuwa la haki. Kijana ana hofu kwamba lengo dogo litamfanya mtu mdogo. Nikamjibu kwa habari ya Siti binti Saad. Mwanamke huyu alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi, akaitwa Mtumwa. Alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti yake, na mwaka 1911 akahamia mjini. Hapo akajifunza kuimba pamoja na ala, akaimba barazani na kwenye sherehe za watu. Jina la Siti, lenye maana ya bibi wa heshima, alilipata ukubwani, baada ya lile la Mtumwa. Mwaka 1928 akavuka bahari pamoja na wapigaji wake hadi Bombay, akarekodi nyimbo kwa kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikasikilizwa pwani nzima. Tangu kuingia mjini hadi kufika Bombay ni miaka 17. Alipofariki mwaka 1950, jina lake lilikuwa kubwa kiasi kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Nani atasema kwamba kuanzia barazani kulimpunguza?

Ama ile methali ya chema chajiuza, haikatazi mtu kunadi. Muuza samaki hupiga kelele mtaa mzima, na hatumlaumu, kwa sababu samaki wamo tengani. Tunayemlaumu ni yule apigaye kelele na tenga tupu.

Sasa mtataka kujua yaliyofuata. Ubao wa kwanza ulioshwa. Ubao wa pili ulikwama: maarusi wawili aliwapaka vizuri, lakini wa tatu alimfikia saa mbili baada ya ahadi, wenyewe wakawa wameshamwita mpakaji mwingine. Alikuja kwangu akilia, akitaka kufuta kila kitu. Nikamwambia chuoni hatukuchoma ubao kwa kukosea aya moja, tuliusoma upya. Ramadhani akatulia, na Mfunguo Mosi akaurudia ubao wa pili kabla ya kugusa wa tatu. Bango lile alilishusha mwenyewe.

Leo bangili moja imerudi mkononi mwa mamake. Ya pili ingali kwa sonara, na huo ndio ubao wake wa sasa, wenye tarehe yake. Afrika Mashariki haijamjua bado. Lakini juzi nilipopita kichochoroni nikasikia mwanamke akimwelekeza mwenziwe nyumba ya "yule binti wa hina afikaye kwa wakati." Jina hilo hakujipa mwenyewe.

Nami, kwa kuwa kazi yangu ni vina, namwachia yeye na wenziwe ubeti mmoja:

Jina si nguo dukani, uivae upendeze,
Huanziwa ubaoni, herufi uzimalize,
Anza nalo mtaani, mbali lisikukimbize,
Kazi ifike mwishoni, jina watu walikuze.