Eresing: kijiji cha Bavaria lilikotoka jina la Mtakatifu Otilia

Waamini wa Songea, Mtwara, Lindi na Njombe wamelisikia jina la Mtakatifu Otilia tangu utotoni. Wamelisikia likitajwa katika sikukuu za abasia ya Peramiho na ya Ndanda, wamelisoma katika vitabu vya sala, na wazee wao wamewasimulia habari za wamonaki wa kwanza, wale Wabenediktini Wamisionari wa Mtakatifu Otilia. Hata hivyo, ukiuliza huyo Otilia ni nani, au mahali penye jina lake ni pa namna gani, wengi watajibu kwamba ni mji mkubwa huko Ujerumani. Si hivyo. Sankt Ottilien ni kitongoji tu cha kijiji kiitwacho Eresing, na wakazi wote wa Eresing, pamoja na vitongoji vyake, ni kama 2,000 hivi. Parokia nyingi za kwetu zina waamini wengi kuliko hao.

Eresing iko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, katika wilaya ya Landsberg am Lech, mwendo wa kilomita 40 hivi magharibi ya München. Upande wa mashariki kuna Ziwa Ammersee, na upande wa magharibi unapita mto Lech. Nchi yenyewe si tambarare kamili wala si milima; ni vilima vya chini vyenye migongo ya mviringo. Vilima hivyo ni kazi ya barafu. Katika zama za baridi kali za kale, mito mikubwa ya barafu ilishuka polepole kutoka milima ya Alpi, ikachimba bonde ambalo sasa limejaa maji ya Ammersee, na ilipoyeyuka ikaacha marundo ya mawe, changarawe na udongo. Juu ya marundo hayo watu walifyeka misitu, wakalima shayiri na ngano, wakafuga ng'ombe wa maziwa. Siku ya anga safi, mtu akisimama kwenye kilima na kutazama kusini, huiona Alpi ikiwa na theluji kileleni.

Nchini Ujerumani kijiji cha namna hii ni serikali kamili ya ngazi ya chini: kina meya wake na baraza lake la kuchaguliwa. Kwa kuwa ni kidogo, Eresing hushirikiana na majirani zake Windach na Finning katika kazi za ofisi. Vitongoji vyake vinavyojulikana zaidi ni Pflaumdorf na Sankt Ottilien.

Jina la Eresing ni la kale. Huko Bavaria vijiji vingi vinaishia na silabi “-ing”, na kwa kawaida mwisho huo humaanisha watu wa mtu fulani, yaani ukoo au kundi lililokuja na kiongozi wake, likaketi na kulima. Majina ya namna hiyo yanatokana na makazi ya karne za kwanza za Wabavaria, kabla wengi wao hawajapokea Ubatizo. Hata mahali panapoitwa leo Sankt Ottilien palikuwa na jina la aina hiyo hiyo: Emming. Tulikumbuke jina hilo, maana ndilo lililotoweka.

Kanisa la parokia ya Eresing limewekwa chini ya ulinzi wa Mtakatifu Ulriki, askofu wa Augsburg. Si ajabu, kwa kuwa kijiji kimo katika Jimbo la Augsburg, na uwanda wa Lechfeld hauko mbali. Ni kwenye uwanda huo, mwaka 955, mfalme Otto wa Kwanza alipowashinda wapanda farasi wa Hungaria, baada ya Askofu Ulriki kuulinda mji wake usianguke. Ulriki alifariki mwaka 973, na miaka 20 baadaye Papa Yohane wa 15 alimtangaza kuwa mtakatifu; hiyo huhesabiwa kuwa mara ya kwanza Papa kumtangaza mtakatifu kwa hati rasmi. Nje kidogo ya kijiji kuna kikanisa cha Mtakatifu huyo penye chemchemi. Kanisa la parokia lilipata sura yake ya sasa katikati ya karne ya 18 kwa mikono ya Dominikus Zimmermann, fundi wa mjini Landsberg ambaye pia alilijenga kanisa la Wies, linalotembelewa na watu wa dunia nzima. Wakulima wa kijiji kidogo walimwita fundi bora kuliko wote waliokuwapo katika eneo lao. Jambo hilo laeleza mengi kuhusu mahali imani yao iliposimama.

Tuje sasa Emming. Palikuwa na shamba la bwana, jumba dogo la kikabaila, na kikanisa cha Mtakatifu Otilia. Huyu Otilia alikuwa binti wa mtawala wa Alsace, aliyefariki mnamo mwaka 720. Mapokeo yasema alizaliwa kipofu, baba yake akaona aibu, akataka asionekane tena. Mtoto akafichwa na kulelewa kwa watawa. Kisha askofu Erhard wa Regensburg, mji wa Bavaria, akambatiza, na alipopakwa mafuta matakatifu macho yake yakafunguka. Ndiyo maana wachoraji humwonyesha akiwa ameshika kitabu, na juu ya kitabu macho mawili. Katika nyakati ambazo daktari wa macho hakuwepo na miwani ilikuwa kitu cha matajiri, mkulima aliyeanza kupoteza nuru yake alikuwa na mahali pachache pa kwenda. Watu wa vijiji vya jirani walihiji Emming.

Mwaka 1803 serikali ya Bavaria ilizifunga abasia za nchi hiyo na kutwaa mali zao. Kwa hiyo Padre Andreas Amrhein, Mswisi aliyekuwa mmonaki wa Beuron, alipotaka mwaka 1884 kuanzisha shirika la Wabenediktini la kupeleka Injili ng'ambo, alianza katika mojawapo ya majengo hayo yaliyoachwa, huko Reichenbach, mbali upande wa kaskazini-mashariki. Mahali hapo hapakufaa. Mwaka 1886 alinunua shamba la Emming, na mwaka uliofuata jumuiya ikahamia huko. Alichokinunua kilikuwa ardhi ya kulima, jumba kuukuu na kikanisa cha mahujaji. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto hutaka wamonaki waishi kwa kazi ya mikono yao, na shirika lile lilihitaji hasa mabruda mafundi: seremala, waashi, wahunzi, wakulima, wachapaji. Kile tulichokiona baadaye Peramiho na Ndanda, yaani karakana kando ya kanisa, zahanati, shule, shamba la ng'ombe na mtambo wa kuchapa, kilikuwa mpango ule ule wa Emming uliovushwa bahari.

Jumuiya ikalichukua jina la kikanisa, na jina la Emming likafifia. Kutokana na mtakatifu wa macho shirika likapata pia kaulimbiu yake kwa Kilatini, “Lumen caecis”, yaani “Mwanga kwa vipofu”. Kanisa kubwa la Moyo Mtakatifu wa Yesu lilijengwa kati ya mwaka 1897 na 1899, na mnara wake huonekana kutoka mashambani kwa umbali mrefu.

Mnamo Novemba 1887 Roma ilianzisha Prefektura ya Kitume ya Zanzibar Kusini na kuikabidhi kwa jumuiya hii ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imehamia katika shamba lake. Mwanzoni mwa 1888 kikundi cha kwanza cha mabruda na masista, wakiongozwa na Padre Bonifatius Fleschutz, kilifika pwani yetu na kukaa Pugu. Wakati huo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa inaitwaa pwani, na wenyeji wakaipinga kwa silaha. Tarehe 13 Januari 1889 Pugu ilishambuliwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, na wengine wakachukuliwa mateka hadi walipokombolewa kwa fidia. Mahali hapo leo ni kituo cha hija cha Jimbo Kuu la Dar es Salaam. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, Ndanda mwaka 1906.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna vita vya Majimaji, na mwandishi anayeieleza historia ya Sankt Ottilien hawezi kuviruka. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Kanisa la Peramiho lilichomwa moto, na Padre Franziskus Leuthner akauawa. Habari hizi tumezisimulia mara nyingi katika Kanisa, na ni haki kuzisimulia. Lakini upande wa pili wa kaburi nao una watu. Jeshi la kikoloni lilichoma vijiji na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea. Kabla ya kunyongwa wengi wao walibatizwa na Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera. Ubatizo huo, uliotolewa gerezani na mmisionari, ni jambo ambalo wajukuu wao wanalijadili mpaka leo, na hakuna sababu ya kuwanyamazisha. Shirika lililobeba mwanga kwa vipofu lilikuwa limefika kwa meli zile zile za wale waliokuja kutawala, na si kila mmoja ndani yake aliliona hilo. Mwaka 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea, penye makumbusho ya Majimaji, akaomba msamaha.

Miaka 36 baada ya Majimaji, nguvu ya dola iliufikia mlango wa Sankt Ottilien yenyewe. Mnamo Aprili 1941 polisi wa siri wa Hitler waliivunja abasia, wakawatoa wamonaki, na majengo yakageuzwa kuwa hospitali ya kijeshi. Wilaya ya Landsberg ilikuwa na kambi za mateso karibu na Kaufering, ambako Wayahudi walifanyishwa kazi hadi kufa. Siku za mwisho za vita, Aprili 1945, treni iliyokuwa imewabeba wafungwa wa kambi hizo ilipigwa na ndege karibu na Schwabhausen, kijiji cha jirani. Daktari Zalman Grinberg, naye mfungwa, aliwashawishi Wamarekani waliofika kuwapa majeruhi vitanda katika hospitali ya Sankt Ottilien. Ikawa hivyo. Tarehe 27 Mei mwaka huo wanamuziki walionusurika walipiga muziki kwenye uwanja wa abasia mbele ya wenzao, wengine wao wakiwa bado na mavazi ya kambini.

Mpaka mwaka 1948 Sankt Ottilien ilikuwa hospitali ya Wayahudi wasio na kwao. Wamonaki waliporudi walikuta nyumba yao imejaa, wakaishi kando yao, hapakukosekana msuguano. Watoto zaidi ya 400 walizaliwa mahali hapo, wa wazazi ambao miezi michache tu nyuma hawakutazamia kuishi. Baadhi yao, sasa wakiwa wazee, wamerudi kutoka Israeli na Marekani kuitazama nyumba waliyozaliwa. Karibu na makaburi ya wamonaki yapo makaburi ya Kiyahudi ya wale ambao uhuru uliwakuta wamedhoofika mno.

Leo msafiri hushuka kwenye kituo kidogo cha reli chenye jina la Sankt Ottilien, katika njia inayopita magharibi ya Ammersee. Huona mashamba ya abasia, wanafunzi wa shule ya sekondari iitwayo kwa jina la Rabanus Maurus, duka la vitabu vya EOS, na makumbusho yenye vitu vilivyokusanywa na wamisionari Afrika na Asia. Mtanzania anayeingia katika makumbusho hayo hukutana na vitu vya babu zake nyuma ya kioo. Namna vilivyopatikana ni swali halali kuulizwa na wenyeji wake na wageni pia.

Wamonaki wa hapo wamepungua na kuzeeka, kama ilivyo katika abasia nyingi za Ulaya. Kwetu Hanga, iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 kwa ajili ya wamonaki Waafrika, na Mvimwa, iliyozaliwa baadaye kule Rukwa, zimekuwa abasia kamili. Mkutano mkuu wa shirika unapofanyika Sankt Ottilien, abate wa Hanga na abate wa Mvimwa huketi pamoja na wenzao wa Peramiho, Ndanda, Korea na Bavaria, na kura zao huhesabiwa sawa. Mmoja wa maabate wakuu waliopita wa Sankt Ottilien, Jeremias Schröder, alichaguliwa mwaka 2024 kuwa Abate Primate wa Wabenediktini wote.

Kikanisa cha Otilia bado kipo, kidogo kando ya majengo makubwa yaliyokuja baadaye. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe 13 Desemba, wakati mashamba ya Eresing yamelala chini ya baridi na jua la Bavaria huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.