Askari Mstaafu na Kisu cha Daktari

Miongoni mwetu hapa Jeppestown wamo wazee waliowahi kuvaa magwanda ya jeshi, na leo unene umewalemea magoti na pumzi. Wanatuuliza kuhusu upasuaji wa kupunguza uzito.

Njia zilizoenea ni mbili. Ya kwanza huondoa asilimia 75 hadi 80 ya tumbo la chakula. Halirudishwi tena, na kiungulia huweza kuzidi. Ya pili huacha kijifuko kidogo kinachounganishwa na utumbo mwembamba. Hiyo hutuliza kisukari zaidi, lakini pombe hulevya upesi.

Zote mbili hudai vitamini na vipimo vya damu maisha yote. Basi sisi tuhamao tujiulize kwanza: kesho tukihama, nani atatupima?