Mtoto asiyesema: Mzazi, fahamu kilichoandikwa kwenye cheti chake

Katika nyumba zetu, mtoto anayechelewa kusema hapewi jina moja. Huyu humwita bubu, yule husema ana ulimi mzito, bibi hukumbusha kuwa hata baba yake alichelewa, na jirani hushauri akakatwe kimio. Akifikishwa hospitali hupewa jina jingine kabisa: herufi moja na tarakimu chache, pengine F80.1 au H90.3, zilizoandikwa pembeni mwa cheti. Mzazi huikunja karatasi na kurudi nyumbani bila kuuliza. Ilhali alama ile fupi, inayoitwa msimbo, ndiyo inayoonesha mtoto amedhaniwa kuwa na nini, apelekwe kwa mtaalamu yupi, na mara nyingi ndiyo inayosomwa na bima kabla ya kulipa.

Chimbuko la misimbo

Misimbo hii hutoka katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa. Mwaka 1893, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha mjini Chicago orodha ya sababu za vifo, ili takwimu za nchi mbalimbali ziweze kulinganishwa. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani liliichukua kazi hiyo, na orodha ikaanza kuhesabu maradhi ya walio hai pia. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990. La 11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Kila nchi huhama kwa wakati wake, hivyo mtoto mmoja anaweza kuwa na msimbo wa toleo la 10 katika hospitali moja na wa toleo la 11 katika nyingine.

Kigugumizi ni mfano mzuri. Katika toleo la 10 kimepewa F98.5, katika kundi moja na kukojoa kitandani, miongoni mwa matatizo ya tabia na hisia za utotoni. Katika toleo la 11 kimehamishiwa 6A01.1, pamoja na kasoro za ukuaji wa usemi na lugha. Mtoto hakubadilika, bali wataalamu wamekiweka mahali panapokifaa zaidi. Mzazi anayemkaripia mwanawe mwenye kigugumizi akidhani ni utovu wa adabu naye hana budi kulitafakari hilo.

Herufi ya kwanza ina maana

Katika toleo la 10, herufi ya mwanzo huonesha tatizo limewekwa katika mlango gani. F80 ni kasoro za ukuaji wa usemi na lugha zenyewe. F80.0 ni ya mtoto anayeyajua maneno lakini anakosea kutamka sauti. F80.1 ni ya mtoto anayefahamu aambiwayo lakini hawezi kujieleza kadiri ya umri wake. F80.2 ni ya yule ambaye hata kufahamu maneno ya wengine kunamwia vigumu. F84 ni mlango wa usonji. H90 ni upungufu wa kusikia. Q35 hadi Q37 ni midomo na makaakaa yaliyopasuka tangu kuzaliwa, na Q38.1 ni ulimi ulioshikwa na utando wa chini, ambao wengi huuita udata.

Herufi R ni tofauti. Aghalabu hutaja dalili, si chanzo chake. Cheti chenye R47 kinasema tu kwamba usemi una hitilafu. Bado haijasemwa kwa nini. Vivyo hivyo F80.9 maana yake ni kasoro isiyobainishwa. Misimbo ya namna hii si makosa, kwani daktari hawezi kujua yote siku ya kwanza. Kosa ni kuiacha ibaki hivyo mwaka baada ya mwaka, pasipo vipimo vya kuikamilisha.

Sikio kwanza

Msimbo wa F80 una sharti lake. Maelezo ya toleo la 10 huuweka kwa watoto ambao tatizo lao halitokani moja kwa moja na upungufu wa kusikia, maradhi ya ubongo, hitilafu za viungo vya usemi au uhaba wa malezi. Basi hauandikwi ipasavyo kabla masikio hayajachunguzwa.

Familia nyingi husema, "Huyu anasikia, mlango ukibamizwa hugeuka." Hilo halitoshi. Mtoto anaweza kusikia kishindo kizito na asisikie sauti nyembamba kama s na f, na bila sauti hizo maneno humfikia yamekatikakatika. Homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya mtoto mchanga na maambukizi ya sikio ya mara kwa mara huweza kupunguza usikivu. Mtoto wa namna hii akiandikiwa F80 badala ya H90, atafundishwa kutamka asichokisikia, huku akikosa kifaa cha kusikia au Lugha ya Alama katika miaka ambayo ubongo wake unajifunza lugha kwa wepesi zaidi. Miaka hiyo hairudi.

Ama kukata kimio, hakumfanyi mtoto aseme, na kunaweza kumletea kutokwa na damu nyingi na maambukizi.

Anayepoteza maneno

Msimbo F80.3 wastahili kujulikana japo maradhi yake ni nadra. Mtoto aliyekuwa akisema vizuri, mara nyingi kati ya miaka 3 na 7, hupoteza lugha, na huambatana na kifafa au mshtuko wa umeme katika ubongo. Katika jamii yetu jambo kama hili huhesabiwa upesi kuwa ni jini au kijicho. Kumsomea dua mtoto hakuzuii kumpima ubongo, na kuchelewa kunamnyima tiba. Mtoto yeyote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo apelekwe hospitali bila kungoja.

Mzee wa kiharusi

Wakubwa nao wana sehemu yao. Mzee aliyepatwa na kiharusi huweza kupoteza maneno ilhali fahamu yake ipo. Hali hiyo huitwa afasia, na katika toleo la 10 ni R47.0. Kupungua kwa akili kwa uzeeni kuna misimbo mingine, F00 hadi F03. Tofauti hiyo hugusa haki: mzee wa afasia akidhaniwa amepotewa na akili, watoto hugawana mali mbele yake kana kwamba hayupo. Wanazuoni wa fikihi tangu zamani wameikubali ishara inayofahamika ya bubu katika mikataba. Familia imwombe daktari aandike wazi kama mgonjwa anafahamu anayoambiwa, kabla ya shauri lolote la wasia.

Mzazi aulize nini

Mtoto wa mwaka mmoja hutarajiwa kuanza neno la kwanza, na wa miaka miwili kuunganisha maneno mawili. Akiwa nyuma ya hapo, apimwe. Lugha ya nyumbani ikiwa si ile ya shuleni, mzazi amweleze daktari, kwani kuzungumza lugha mbili au lahaja ya kwao si ugonjwa. Ustadhi wa madrasa naye, anayemsikia mtoto akisoma kila siku, aulizwe alichokiona.

Daktari akishaandika, ndugu msomaji, uliza: Msimbo huu unataja dalili au chanzo? Masikio yamepimwa? Rufaa inakwenda kwa nani? Lini tutarudi kuutazama upya? Nakili msimbo na tarehe yake katika daftari la mtoto, kwa kuwa wataalamu wa usemi ni wachache katika nchi zetu na huenda ukasafiri mbali kumfikia mmoja. Daftari hilo litampunguzia mtoto kuanza upya kila afikapo. Nalo ni siri yake: halisomwi barazani wala harusini.