Nairobi Hadi Cape Town kwa Pikipiki: Pesa Yako Itavukaje Mipaka Minne?

Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili ambayo ukiyatazama juu juu hayana uhusiano. Machi, Wakenya tulianza kutumiana pesa kwa simu kupitia M-PESA. Mei, Ewan McGregor na Charley Boorman walipanda pikipiki zao za BMW kule Scotland wakaanza kushuka hadi Cape Town, safari iliyopitia hapa kwetu na kuisha Agosti. Walikuwa na magari ya kuwafuata, wapiga picha na watu wa kuwatafutia vibali. Wewe hutakuwa na hayo yote. Utakuwa na simu.

Kabla yao alikuwepo Ted Simon, mwandishi wa habari aliyeondoka London Oktoba 1973 na Triumph ya cc 500. Alizunguka dunia miaka 4, akapita nchi 45, Kenya ikiwemo. Enzi hizo ukiishiwa ugenini, pesa ya kutoka nyumbani ilikuwa ya kungojewa benki, siku baada ya siku. Leo ni rahisi kudhani kwamba shida hiyo imekwisha. Imepungua, ndiyo, lakini haijaisha. Pesa iliyo kwenye simu yako ni shilingi za Kenya, kwenye laini ya Kenya, chini ya sheria za Kenya. Pikipiki inavuka mpaka na magurudumu yake. Pesa hiyo haivuki hivyo hivyo.

Tuchukue njia ambayo waendeshaji wengi kutoka hapa huiota: Namanga, Arusha, Dodoma, Iringa, Mbeya, Tunduma, Lusaka, Kazungula, halafu Botswana na Afrika Kusini. Ni zaidi ya kilomita 5,000, mipaka minne na sarafu nne za kigeni: shilingi ya Tanzania, kwacha, pula na randi. Habari njema ni kwamba Mkenya haombi viza mapema kwa nchi hizo zote nne. Afrika Kusini ndiyo iliyochelewa, ikatufungulia Januari 2023 kwa siku 90. Cheti cha homa ya manjano, kitabu cha pikipiki chenye jina lako na hati ya kuvusha chombo, ile carnet inayotolewa na AA Kenya, vishughulikie mapema. Bima ya COMESA Yellow Card nayo inunue hapa nyumbani, ulipe kwa shilingi. Itakufunika Tanzania na Zambia. Botswana haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo kule weka akiba ya malipo ya mpakani.

Sasa tuje kwenye simu.

Kosa tunaloliona sana kwa wasafiri ni kukumbuka romingi wakiwa wameshavuka. Romingi, yaani kutumia laini yako ya Kenya ukiwa nje, iwashe ukiwa bado nyumbani, kisha uhakikishe inafanya kazi. Huhitaji kupiga simu nayo, maana gharama yake huuma. Unaihitaji kwa sababu moja: ujumbe wa kuthibitisha malipo. Benki ikikutumia nambari ya siri ya mara moja nawe uko Mpika, na laini haishiki mtandao, kadi yako ni plastiki tu. Programu nyingi za pesa pia hukataa kufunguka kama laini iliyosajiliwa haimo kwenye simu. Ndiyo maana tunapendekeza simu ya laini mbili: ya nyumbani ibaki mahali pake hata ikiwa kimya, na ile nafasi ya pili ndiyo ya kubadilishabadilisha kila nchi.

Namanga siku hizi ni kituo cha pamoja. Unamalizana na Kenya na Tanzania ndani ya jengo moja, ule upande unaoingia. Hii imepunguza foleni, lakini watu wa kubadilisha pesa nje hawajaisha. Utasikia, "Kaka, huko ndani bei mbaya, njoo nikusaidie." Fanya hesabu kabla hujajibu. Tuseme bei halali ya siku hiyo ni shilingi 19 za Tanzania kwa shilingi 1 yetu, naye anakupa 17.50. Kwa shilingi 20,000 za Kenya utapokea 350,000 badala ya 380,000. Hizo 30,000 ni karibu petroli ya siku nzima kwa pikipiki ya cc 150, na hapo bado hatujazungumzia noti zinazokunjwa katikati zihesabiwe mara mbili. Angalia bei ya siku kwenye simu ukiwa bado Kajiado, iandike, na ubadilishe dukani ambako unapewa risiti. Badilisha kidogo tu, ya kukufikisha Arusha.

Arusha ndipo pa kununua laini ya Tanzania. Nenda kwenye duka la mtandao wenyewe na pasipoti yako, kwa sababu usajili ni wa alama za vidole. Laini ya kuuziwa barabarani ikiwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni balaa: pesa utakayoweka humo, kisheria si yako. Omba wakufungulie na huduma ya pesa hapo hapo. Utaona faida yake siku trafiki atakapokusimamisha. Vijijini kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na kamera zao hazilali. Faini ya serikali Tanzania hulipwa kwa nambari maalum ya malipo unayoiingiza kwenye simu. Anayekuambia umpe mkononi yamalizike, mwombe hiyo nambari kwa upole. (Upole kule ni sarafu ya tano. Afisa mwenye umri wa mzazi wako mpe shikamoo kwanza, mengine yafuate. Sisi wa Nairobi huwa tunalisahau hilo.)

Unaweza pia kujitumia pesa kutoka akaunti yako ya Kenya kwenda kwa ile laini mpya. Kabla ya kubonyeza angalia vitu viwili: ada, na kiwango cha kubadilishia pesa. Wengi huangalia ada peke yake. Huduma inaweza kutoza ada ndogo halafu ikala faida yake kwenye kiwango. Swali la kujiuliza ni hili: nikitoa shilingi elfu kumi, upande wa pili zitafika ngapi? Linganisha hilo jibu la mwisho.

Tunduma ni mji wenye kelele, malori na haraka. Ukimaliza hapo, upande wa pili ni Nakonde, na kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000 zenye vituo vya mafuta vilivyoachana. Hapa keshi ni muhimu. Mtambo wa kadi unaweza kuwa umelala, umeme umepotea, au wakala hana pesa za kutosha. Beba kwacha za siku mbili na uzigawe: kidogo mfukoni, nyingine ndani ya koti, nyingine chini ya kiti cha pikipiki. Dola chache za dharura pia ni sawa, lakini ziwe noti mpya zisizochanika. Noti kuukuu hukataliwa sana na wabadilishaji wa ukanda huu.

Kutoka Lusaka hadi Kazungula hatuna mengi ya kusema. Pale kuna daraja la mita 923 juu ya Zambezi, lililofunguliwa Mei 2021. Kabla ya hapo watu walivushwa kwa feri. Ng'ambo ni Botswana, ambako pula ni jina la sarafu na pia maana yake ni mvua. Barabara ya kwenda Nata ina tembo. Usiendeshe usiku.

Afrika Kusini ndiko mazoea yetu hugonga ukuta. Mkenya amezoea kwamba kila mama mboga ana nambari ya kulipia. Kule kadi ndiyo mfalme. M-PESA yenyewe ilijaribiwa, ikashindwa kushika, ikafungwa mwaka 2016, kwa sababu watu wengi tayari walikuwa na akaunti za benki na kadi. Kwa hiyo usifike Johannesburg ukitafuta wakala. Uwe na kadi mbili za akaunti tofauti, zikae mifuko tofauti, na benki zako ziwe zinajua uko safarini ili zisikufungie kwa kudhani umeibiwa. Kadi ya kidijitali iliyounganishwa na akaunti yako ya simu ni msaada mzuri: weka humo kiasi cha siku mbili tatu tu. Mtambo ukikuuliza unataka kulipa kwa randi au kwa shilingi za Kenya, chagua randi. Ukichagua shilingi, wao ndio watakaokupangia kiwango.

Tumeacha jambo zito mpaka hapa kwa makusudi. Simu ikipotea, utafanyaje?

Laini ya Kenya iliyopotea huwezi kuitegemea irudishwe ukiwa Zambia, maana kuibadilisha kunataka wewe na kitambulisho chako mbele ya mhudumu. Unachoweza kufanya haraka ni kufunga laini na akaunti. Hapo ndipo watu hukwama: zile nambari fupi za huduma kwa wateja hazipatikani ukipiga kutoka mtandao wa kigeni. Kabla ya kuondoka tafuta nambari ndefu inayoanza na +254 ya kila kampuni inayoshika pesa yako. Ziandike kwenye karatasi, uziweke pamoja na pasipoti. Washa pia nambari ya siri ya laini yenyewe, si ya simu tu. Bila hiyo mwizi anaihamishia laini kwenye simu nyingine na kuanza kupokea ujumbe wako.

Halafu kuna mtu wa nyumbani. Chagua mmoja: dada, rafiki, mke au mume. Usimpe PIN yako, hata kama ni mama mzazi. Mtumie kiasi cha dharura kwenye akaunti yake mwenyewe kabla hujatoka. Ukianguka barabarani, hospitali nyingi zitataka amana kabla ya kukushughulikia, na huyo ndiye atakayetuma. Jua mipaka yake: hapa Kenya muamala mmoja wa M-PESA hauzidi shilingi 250,000, na kutuma nje ya nchi kunaweza kuwa na kikomo cha chini zaidi. Mwambie aulize mapema.

Na mkubaliane neno la siri. Tuko serious. Ukiweka picha zako mtandaoni kila jioni, dunia nzima inajua uko Mbeya na kwamba kesho ni Tunduma. Tapeli anahitaji kumpigia mama yako tu: "Mzazi, mwanao amepata ajali huku, daktari anangoja pesa." Sauti ya haraka, nambari ya kigeni, kilio nyuma. Mama atatuma. Lakini kama mlikubaliana kwamba hakuna pesa inayotumwa bila lile neno, ataliuliza kwanza, na tapeli hatalijua. Picha za Mbeya nazo ziweke ukiwa umeshafika Lusaka. Hazitachacha.

Ukirudi, usivuke mpaka wowote na sarafu ya nchi unayoiacha. Pula zibadilishe kabla ya Kazungula, kwacha kabla ya Tunduma. Nairobi utahangaika kupata wa kuzichukua, na utabaki nazo kwenye droo pamoja na laini tatu za simu ambazo hukumbuka PIN zake. Kama kuna salio kwenye laini ya Tanzania, litoe au ulitume ukiwa bado Arusha.