Aliyepigwa picha Likoni naye aione

Tafuta picha za Mombasa au Lamu mtandaoni na hutakosa vitu vinne: mlango wa nakshi, punda, jahazi jua likizama, na mwanamke wa buibui akipita kichochoroni, uso haumo. Mlango na punda hawana la kulalamika. Mwanamke yule analo, na pamoja naye hamali wa Marikiti anayesukuma mkokoteni, muuza kahawa mwenye dele lake, na watoto wa madrasa waliovalia kanzu na kofia ambao kila mwenye kamera huwakimbilia. Sura zao zinazunguka dunia nzima, lakini mara nyingi wenyewe hawajaziona. Kwa maoni yangu, picha ya mtaani ya Pwani isisifiwe kwa mwanga wala mpangilio wake kabla hatujauliza kama aliyemo ameiona, na kama ameridhika nayo.

Wapo watakaosema huo ni usumbufu ulioletwa na sheria za kisasa. Sivyo. Katika miaka ya 1980 na 1990, kando ya kivuko cha Likoni, wapiga picha wa njiani, wengi wao vijana waliotoka bara, walijenga studio za vibanda zenye mapazia, maua ya plastiki na michoro ya meli na ndege. Mteja alisimama alivyotaka mwenyewe, akalipa, kisha akarudi kuchukua picha yake baada ya kusafishwa. Nyingi zilitumwa nyumbani bara zikaonyeshe kwamba kijana amefika mjini na hali yake si mbaya. Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, ameieleza kazi hiyo kwa kina katika kitabu chake cha 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1940, N. V. Parekh alikuwa na studio Mombasa ambako familia za Waswahili zilivaa zikapendeza, zikajichagulia namna ya kuonekana. Huyo alikuwa fundi, kama fundi cherehani: mteja ndiye aliyeondoka na kazi.

Lakini Pwani ilikuwa na desturi nyingine ya kamera, na hiyo ndiyo inayotutesa hadi leo. Zama za ukoloni, studio za Unguja, ile ya A. C. Gomes ikiwa mojawapo, ziliwauzia wageni picha na kadi za posta zenye watu wa pwani. Wengi wa wanawake waliomo hawatajwi majina; chini yao huandikwa kabila au aina ya mtu, basi. Tukiweka kadi hizo upande mmoja na picha za Likoni upande wa pili, picha nyingi za mtaani tunazozisifu siku hizi zitaangukia upande wa kadi, hata aliyezipiga akiwa mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa.

Hoja nzito ya wapinzani ni kwamba ukiomba ruhusa unaua picha. Mtu akishaambiwa hunyoosha shati, hutabasamu, na kile ulichokiona kimekwisha. Hapo wana haki, ila wanasahau kwamba kuomba si lazima kutangulie. Piga, kisha mfuate mtu wako, muonyeshe kioo cha kamera, na akikataa futa mbele yake. Wanauliza pia kuhusu umati: feri za Likoni huvusha watu wapatao 300,000 kwa siku, nani atawauliza wote? Hakuna anayetaka hivyo. Umati ni umati. Deni linaanza pale unapomchagua mmoja, ukamkaribia, na uso wake ukawa ndio picha yenyewe.

Wengine hukimbilia sheria. Kweli, Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaupa uandishi wa habari na sanaa nafasi yao. Hata hivyo, Septemba 2023 kamishna wa data alitoza mkahawa mmoja wa Nairobi Sh1,850,000 kwa kuchapisha picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4,550,000 kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuulizwa. Kama watoto wa shule wana ulinzi huo, sioni kwa nini watoto wa madrasa wa Mji wa Kale wawe mali ya mpita njia. Pia kuna lalamiko kwamba watu wa Pwani siku hizi wanadai pesa. Hamali anayeomba mia mbili ameelewa tu kwamba sura yake ina thamani sokoni, jambo ambalo mwenye kamera alikwisha kulijua.

Wapwani wenyewe wana utaratibu ulio wazi. Katika sherehe za kupamba bibi harusi, simu mara nyingi huzuiliwa mlangoni, na picha hupigwa na mwanamke aliyeaminiwa na wenye shughuli. Hawachukii picha, wanataka kujua itaonwa na nani. Zamani mpiga picha wa njiani angeweza kujitetea kwamba karatasi na dawa ni ghali. Leo kumtumia mtu picha yake kwa WhatsApp ni rahisi kuliko kumnunulia hamri moja. Basi wahariri wa kurasa za wikendi na waandaaji wa mashindano ya picha, kabla hamjaipokea sura ya mtu wa Pwani, mwulizeni aliyeileta maswali mawili: huyu anaitwa nani, na ulimtumia lini?