Mbwajumali: Kijiji cha Jembe na Bahari

Wako wakulima wa skimu wanaodhani kwamba watu wa visiwani huishi kwa samaki tu. Sivyo. Mbwajumali ni kijiji cha Wabajuni katika kisiwa cha Pate, karibu na Faza. Watu wake ni wavuvi na wakulima pia, na habari zao zina mafunzo kwa kila mwenye shamba.

MAKONDE YA BARANI

Zamani watu wa visiwa vya Lamu walikuwa na makonde barani, ng'ambo ya maji. Katika karne ya 19 mtama na simsim vilisafirishwa kwa majahazi mpaka nchi za mbali. Kazi nyingi ilifanywa na watumwa. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria mwaka 1907, makonde mengi yalirudi kuwa msitu.

Hata hivyo jamaa nyingi za Kibajuni ziliendelea kulima kwa mikono yao. Walivuka kwa mashua, wakafyeka, wakachoma, wakapanda mahindi, mtama, kunde na pamba. Walikaa juu ya dungu kulinda ndege, ngiri na nyani. Udongo ulipochoka walifungua konde jipya, la zamani likapumzika.

Vita vya Shifta, vya mwaka 1963 hadi 1967, viliwafukuza wengi barani. Walikimbilia visiwani wakaacha makonde waliyolima kwa desturi tu, bila hati. Basi, mkulima wa skimu, usidharau karatasi za kiwanja chako. Zihifadhi mahali pakavu, nao warithi wako wajue zilipo.

MAJI YA MVUA

Pate hakuna mto. Maji matamu ya visima yamekaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi. Ukiteka kupita kiasi, chumvi hupanda. Kwa sababu hiyo watu wa visiwa hivi hujenga jabia, yaani sakafu pana iliyosakafiwa, yenye mteremko wa kupeleka mvua katika birika.

Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 1 juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1. Sakafu ya meta 10 kwa 20 ikipata mvua ya milimita 25 hupokea lita 5,000. Hata paa lako la bati la meta 5 kwa 8 litapokea lita 1,000 kwa mvua hiyo, ingawa kidogo hupotea. Je, wewe unayakinga, au yanachimba makorongo shambani mwako?

MINAZI

Mwaka 1587 Wareno waliishambulia Faza, wakaua watu na kukata minazi. Walijua wafanyalo, kwani mnazi mrefu wa kienyeji huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Leo adui yuko ndani ya shamba: ni chonga, mdudu anayetoboa kilele cha mnazi. Huzaliana katika magogo yaliyooza na lundo la samadi. Usiache gogo la mnazi likalala, lipasue ulichome.

Mwaka wa ukame mtu wa Mbwajumali hutazama bahari, na pepo za kusi zikichafua bahari hutazama shamba. Wewe usiye na bahari, tafuta tegemeo lako la pili: kuku, mbuzi, mihogo au miembe. Anayetegemea zao moja hana pa kukimbilia.