Nani Humlipa Anayeposti Maisha Yake?

Vijana wa Pwani wanaotaka kuanzisha blogu za mtindo wa maisha huniuliza kwanza kuhusu wafuasi: nikifikisha elfu kumi nitalipwa shilingi ngapi? Idadi peke yake hailipi. Anayelipa ni mwenye bidhaa anayeitangaza, naye anamtaka mtazamaji wa nchi fulani, mwenye uwezo wa kununua kitu fulani. Ndiyo maana mtu anaweza kujulikana nchi tatu na bado akakopa bando.

Mfano upo mkoani kwetu. Kili Paul ni Mmasai wa Mindu Tulieni, jirani na Lugoba. Alianza kujirekodi akifuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi, na mwaka 2021 wimbo "Raataan Lambiyan" wa filamu ya Shershaah ukampaisha. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpongeza, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja yeye na dada yake Neema katika hotuba yake ya redio. Hakuwa na studio wala taa. Alikuwa na simu, shuka lake la kimasai na boma lao nyuma yake. Kundi lake kubwa la watazamaji lilikuwa India, kwa hiyo na soko lake likawa India, na baadaye akaalikwa huko kwenye vipindi vya televisheni.

Lakini mwaka huohuo, miezi michache tu baada ya pongezi hizo, Kili Paul alieleza mtandaoni kwamba alivamiwa na watu watano, akajeruhiwa kwa kisu na kushonwa nyuzi tano. Kazi hii ina hatari ambayo mwigizaji wa filamu haijui sana, maana mwigizaji huonyesha nyumba ya kuigiza. Mwenye blogu ya maisha huonyesha anapolala, njia anayopita na saa anazotoka, na hawezi kuchagua nani aone. Ushauri wangu kwa kila anayeanza ni kuposti mahali akishaondoka hapo.

Sasa tuje Msimbu, kata ya Kisarawe ambako mihogo, minazi na mikorosho ipo mlangoni. Tuseme dada mmoja anataka kuonyesha kisamvu cha nazi. Video ya dakika moja itamla nusu siku. Achume majani machanga asubuhi mwanga ukiwa bado laini, atwange, kisha achemshe muda mrefu bila kufunika, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ambayo kutwanga na kuchemsha huipunguza. Tui la pili litangulie, tui zito lije mwisho, moto mdogo, akikoroga bila kuacha ili lisikatike. Hapo mkono mmoja una mwiko na mwingine una simu. Tui likikatika, hakuna kurudia mpaka ipatikane nazi nyingine. Mtazamaji ataona sekunde sitini za chakula kinachong'aa na kudhani ni starehe.

Hata hivyo, ndani ya video hiyo ndimo ilimo mali yake. Sentensi moja atakayoisema humo, kwamba kisamvu kisichemshwe haraka, haipatikani kwa anayenakili mapishi ya watu. Mtanzania aliyeko Muscat au Minneapolis anayetamani chakula cha kwao ataiamini, na akiiamini leo, kesho atamuuliza dada huyo anunue sufuria gani. Issa Michuzi, mpigapicha wa magazeti, alilijua hili mapema. Alianzisha blogu yake Septemba 8, 2005 akiwa Helsinki, Finland, akihamasishwa na Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili. Aliwaita wasomaji wadau, na blogu akaiita libeneke. Harusi, misiba, picha za mitaani, salamu za watu wa ughaibuni: vyote viliingia. Watu walirudi kila siku kwa sababu walijikuta humo.

Fedha za matangazo ya moja kwa moja ndizo zinazowavunja moyo wengi. Kwa video ndefu, YouTube inataka kwanza wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukivuka hapo na mapato yakafika dola 10, Google hukutumia barua ya posta yenye namba ya siri ya kuthibitisha anwani. Barua! Kijana wa kijijini asiye na sanduku la posta huomba la shule, la msikiti au la mjomba aliyeajiriwa mjini, kisha anangoja wiki kadhaa. Miezi minne ikipita bila namba hiyo kuingizwa, matangazo husimama. Malipo yenyewe hayatoki mpaka zifike dola 100, na mapato yanayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa kodi inayofika asilimia 30, kwani hatuna mkataba wa kodi na nchi hiyo.

Ndiyo maana wanaoishi kwa kazi hii hutegemea zaidi dili za makampuni, au biashara yao wenyewe. Kwenye dili, jihadhari na malipo ya bidhaa: mafuta ya nywele ya shilingi elfu ishirini kwa kazi ya siku mbili si mshahara. Andikianeni, hata kwa ukurasa mmoja: video ngapi, itumike wapi, kwa muda gani, fedha lini. Na tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2024, malipo kwa watengeneza maudhui ya kidijitali hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Dai hati ya makato hayo.

Upande wa leseni, mwaka 2018 wengi walifunga blogu zao. Kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliweka ada ya maombi ya shilingi 100,000, leseni 1,000,000 na ada ya mwaka 1,000,000. Ilikuwa kubwa mno kwa mtu anayeandika mapishi, na naamini tulipoteza sauti nyingi ndogo mwaka ule. Kanuni ziliandikwa upya 2020 na mwaka 2022 ada zikapunguzwa. Waulize Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) wenyewe kundi lako linadaiwa nini kabla hujaanza kupokea fedha.

Kuna pia udhaifu wa kutegemea mitandao ya wengine, sawa na kupanga nyumba ya mtu. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchini kote. Mwenye tangazo la siku hiyo hakuwa na la kufanya. Akaunti nayo huweza kuibwa usiku mmoja. Hifadhi video zako nje ya mtandao, na namba za wateja uwe nazo kwenye daftari.

Linalonisumbua zaidi ya yote ni watu wengine waliomo ndani ya maisha unayoyaposti. Uzaramoni, ngoma ya kumtoa mwali ni tamasha linalovutia kamera yoyote, lakini mafunzo anayopewa mwali ndani hayakuwekwa kwa ajili ya wapita njia, na msichana huyo mara nyingi ni mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa misingi halali, ridhaa ikiwa mojawapo. Shangazi akikuruhusu kupiga picha ya ngoma uwanjani, hajakuruhusu kuingia ndani, wala hajasema neno kwa niaba ya mwali atakapofikisha miaka ishirini na tano na kukutana na uso wake kwenye simu ya mtu asiyemjua.